Wenzangu mnaotumika kanisani: mnaomba saa ngapi, na mnapumzika lini?

#1 Mama Vitenge (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wanajamvi. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Na wale wenye jibu la "panga tu ratiba yako" nawaomba wasome hadi mwisho kwanza, maana ratiba nilikuwa nayo, tena iliyojaa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge Kariakoo, naishi Kimara, ni Mlutheri. Usharikani kwetu ni katibu wa kwaya na mjumbe wa kamati ya ujenzi, na tangu mwaka juzi ni mzee wa kanisa. Wiki yangu ilikuwa hivi. Jumatatu kikao cha ujenzi. Jumanne na Alhamisi mazoezi ya kwaya, yanayotangazwa saa kumi na mbili jioni na kuanza saa moja na robo. Jumatano jumuiya. Ijumaa maombi. Jumamosi kuna harusi ya mtu au msiba wa mtu, na kwaya inatakiwa kote. Jumapili natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunaimba ibada ya kwanza, tunaimba ya pili, unafuata mnada wa kuku na ndizi zilizotolewa sadaka, kisha kikao cha wazee ambacho huitwa kifupi. Nafika nyumbani saa kumi jioni miguu imevimba. Jumatatu saa kumi na nusu usiku niko macho tena niwahi mwendokasi kabla watu hawajajaa kituoni.

Ungeniuliza wakati ule kama naomba, ningekuapia kwamba naomba kila siku. Vikao nafungua kwa sala, nafunga kwa sala. Wageni wakija nakaribisha kwa sala. Kwenye makundi ya WhatsApp ndiyo usiseme.

Mwaka huu mama yangu aliugua. Yuko Bukoba, na alilazwa. Nikaaga dukani, nikapanda basi usiku huo. Nilipofika wodini alikuwa amelala kwa ubavu, amekonda. Akanishika mkono akasema, "Niombee." Nikafumba macho. Kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Baba, tunakushukuru kwa kutukutanisha mahali hapa. Tunaomba uyaongoze mazungumzo yetu tangu mwanzo hadi mwisho..."

Nikanyamaza. Ile ni sala ya kufungua kikao. Nilitafuta nyingine ndani yangu, sala ya mtoto anayemwombea mama yake, nikakuta hakuna. Wala sikuwa na huzuni. Palikuwa pakavu tu, kama mtungi uliosahaulika juani.

Mama akafungua macho. "Umelala lini mwanangu?" Nikaanza kumweleza habari za basi. Akasema, "Sikuulizi basi." Akajisogeza upande wa ukuta, na dripu yake mkononi, akanipisha nusu ya kitanda. "Lala kwanza. Mungu hajaenda popote."

Nililala kuanzia saa nane mchana mpaka saa moja usiku. Mgonjwa ndiye aliyekesha akinilinda. Nilipoamka niliomba maneno machache sana, kwa Kihaya, lugha ambayo sikuwa nimeombea tangu nihame nyumbani, na nililia.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria mama nilivyomwona utotoni. Yeye ni wa watu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na kwetu Buhaya. Nyumbani watu walikusanyika wakaimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho ule, mpaka usiku, lakini nikumbukacho zaidi ni kigoda. Kilikaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na hakuna mtoto aliyekikalia. Alfajiri kabla moto haujawashwa mama alikuwa pale. Haombi kwa sauti. Wakati mwingine hatukujua kama anaomba au amekaa tu. Akimaliza anarudi na umande kwenye pindo la kitenge, anachochea moto, na siku inaanza. Alikuwa na watoto saba, shamba, na mume mkali. Mimi nina watoto watatu na jiko la gesi.

Nikarudi kwenye Biblia kumtafuta nabii Eliya. Wote tunamjua wa Karmeli, moto unashuka. Mlango unaofuata, 1 Wafalme 19, amelala chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha mara ya pili ale kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Hamkemei, wala hamwambii aombe. Usingizi na chakula vinakuja kwanza, mara mbili, na sauti ya Mungu inamkuta baadaye sana, huko Horebu. Nimelisikia somo hilo likihubiriwa tangu utoto na sikuwahi kuona kwamba nusu yake ni habari ya mtu kulala.

Nimeacha kamati ya ujenzi. Watu wamenuna. Nimebaki na kwaya na uzee wa kanisa. Nimenunua kigoda pale Manzese, nimekiweka uani karibu na tangi la maji. Usiku nalala saa nne na simu inabaki sebuleni. Asubuhi nakaa dakika ishirini. Siku nyingine sisemi kitu.

Sasa nauliza, na sitaki kuhubiriwa, nataka kusikia maisha ya watu. Nyinyi mnafanyaje?

#2 Wa Mikesha

Shalom dada. Nimesoma kwa makini na nakupa pole ya mama. Ila naomba niseme kwa upendo, hapo kwenye usingizi tuangalie. Mimi niliokoka kwenye mkesha. Nilikuwa mlevi, mke amenikimbia, na kama watu wale wangelala saa nne usiku nisingewakuta. Bwana alisema kesheni mwombe. Adui halali. Kizazi hiki tayari kinapenda mteremko, tukikipa na kibali cha kulala tutabaki na makanisa matupu.

#3 Mama Vitenge

Asante kaka, na namshukuru Mungu kwa usiku ule uliokupokea. Mkesha siupingi, mama yangu mwenyewe amekesha sana. Ninachosema ni kwamba mimi nilikuwa sikeshi. Nilikuwa sijalala tu, ni vitu viwili tofauti.

Ni kweli adui halali. Lakini Zaburi ya 121 inasema yeye aliye mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Kama kuna mlinzi, mimi nikilala sijaacha lango wazi. Na kwenye ile dhoruba Bwana mwenyewe alikuwa shetrini amelala, kichwa kwenye mto, mashua inajaa maji. Angeweza kulala vile kama angekuwa anaamini kila kitu kinategemea yeye kuwa macho?

#4 Wa Mikesha

Hapo kwenye shetri umenigusa. Naendelea kutafakari.

#5 Zamu ya Usiku

Dada, mimi ni muuguzi, Dodoma. Niseme kwa niaba ya sisi ambao Jumapili si yetu. Ratiba ya zamu ikitoka naangalia kwanza kama nimepata Jumapili moja kwa mwezi. Nikiikosa, zamani nilikuwa najiona kama Mkristo wa daraja la pili, maana mtu akikuuliza "mbona huonekani ibadani" huwezi kumweleza habari za wodi yenye wagonjwa arobaini na wauguzi wawili.

Nilichojifunza kimetoka kwenye kunawa mikono. Kwetu unanawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kwa usiku mmoja ni mara nyingi sana. Basi kila ninaponawa nataja jina la ninayemwendea. "Bwana, huyu wa kitanda cha sita." Nafunga bomba, naenda. Hakuna anayejua. Nikihesabu, kwa usiku mmoja nimeomba kuliko nilivyokuwa nikiomba kwa wiki nzima.

Lakini hiyo ni sala ya kazini, na nakubaliana nawe kwamba haitoshi peke yake. Nikitoka usiku wa mwisho wa zamu napewa mapumziko. Yakiangukia Jumanne, Jumanne hiyo ndiyo Jumapili yangu. Nalala mpaka mchana, naoga, navaa nguo nzuri kabisa, nasoma masomo ya Jumapili iliyopita kwa sauti pale pale chumbani. Mara ya kwanza niliona aibu kuvaa gauni la kanisani na kukaa kitandani. Siku hizi sioni.

#6 Mngoni wa Peramiho

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nimekulia karibu na abasia ya Peramiho, wamonaki wa Mtakatifu Benedikto wapo pale tangu 1898. Kitu kilichonilea ni kengele. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Ikilia, fundi seremala anaweka randa chini, aliye shambani anaweka jembe chini, anavua kofia. "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Salamu Maria tatu, sala fupi, basi. Haifiki hata dakika tatu. Randa inachukuliwa tena.

Nikiwa mtoto nilifikiri ni sheria ya wazungu wa misheni. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima: kazi ile ingeweza kusubiri dakika tatu, na mtu aliyefundishwa hivyo kila siku mara tatu hawezi tena kuamini kwamba kazi ndiyo bwana wake.

Sasa ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Simu yangu inalia nyakati hizo tatu. Nikiwa kwenye mteremko wa Kitonga naisali macho wazi na mikono kwenye usukani. Nikiwa kwenye foleni ya mpakani naisali na tanboi wangu, ambaye ni Mwislamu. Mimi nasali yangu, naye anaenda kuswali adhuhuri. Tumezoeana. Yeye ndiye huniambia, "Kaka, kengele yako."

Kuhusu kulala dada uko sahihi kabisa. Kwenye kazi yetu asiyelala anaua watu.

#7 Mpare wa Mlimani

Sabato njema, ingawa leo ni Jumatano. Mimi ni Msabato wa Upare, kanisa letu lilianzia kule kwetu Giti mwaka 1903. Sitaki uzi ugeuke ubishi wa Jumamosi na Jumapili, upo mwingi humu jukwaani. Nataka kumsaidia dada na kitu kimoja: pumziko halianzi siku ya pumziko. Linaanza siku moja kabla.

Nyumbani Ijumaa ilikuwa siku yenye kazi kuliko zote. Makande yanawekwa jikoni tangu asubuhi. Maji yanachotwa ya siku mbili. Kuni zinapasuliwa. Viatu vya wote vinapigwa rangi na kupangwa mlangoni, kuanzia cha baba hadi cha mdogo, pua zote zinaangalia nje. Nguo zinapigwa pasi ya mkaa. Baba alikuwa na ugomvi na jirani? Anautafutia suluhu Ijumaa mchana. Mtu anadaiwa, anakwenda kusema neno. Halafu jua linapokaribia mgongo wa mlima baba anaita, tunakaa wote, tunaimba wimbo wa kufungua Sabato. Ukimya unaoingia baada ya wimbo ule sijaukuta mahali pengine.

Nilipofika Dar nikawa nashika Sabato bila Ijumaa. Nafika kwenye machweo nikiwa bado kwenye daladala, mfukoni nina oda tatu hazijapelekwa, nyumbani hakuna maji. Nilikuwa nashika siku lakini sipumziki. Siku hizi Ijumaa nafunga kazi saa nane mchana. Napoteza hela, ndiyo. Wateja wangu wamejua na wanakuja Alhamisi.

Na kwenye habari ya mana, chakula walichopewa Waisraeli jangwani, Kutoka 16, siku ya sita waliokota sehemu maradufu. Waliotoka siku ya saba kutafuta hawakukuta kitu. Mungu hakuwaambia wafunge njaa. Aliwaandalia jana yake.

#8 Mkulima Kyela

Nimesoma wote. Mna mishahara na maduka. Mimi ni mkulima wa mpunga. Mvua ya kupandikiza ikinyesha Jumapili asubuhi nifanye nini? Nikingoja Jumatatu maji yanaweza kuwa yameondoka, na vibarua nimeshawapata kwa shida.

Hilo ni swali kweli, si ubishi. Mimi ni Mmoravian, na tunajivunia sala. Wamisionari wetu walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla yao, kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kuomba usiku na mchana, kila mmoja saa yake, na sala hiyo haikukatika kwa zaidi ya miaka mia. Jambo hili nimelisikia tangu kipaimara. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba aliyemaliza saa yake alienda kulala. Nimeligundua leo nikimsoma dada. Kila mmoja alibeba saa moja tu, na aliweza kulala kwa sababu mwenzake alikuwa ameamka. Kanisani kwetu watu wawili watatu ndio wanabeba saa zote 24.

#9 Mchungaji Mstaafu

Wanangu, nimetumika miaka thelathini na sita, sasa nafuga ng'ombe wawili. Nitamjibu mkulima kwanza.

Mwaka 321 Kaisari Konstantino alitoa amri mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya Jumapili. Wakulima aliwaruhusu waendelee na mashamba, kwa sababu hiyo hiyo unayoitaja, hali ya hewa haisubiri. Kwa hiyo swali lako ni la zamani na wakubwa wamelipa uzito. Lakini usome pia Kutoka 34:21. Pale amri ya siku ya saba inaongezewa maneno: hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, utapumzika. Majira mawili ambayo mkulima ana sababu nzuri kuliko zote za kutopumzika ndiyo yaliyotajwa kwa jina. Sikuambii uache maji yapotee. Bwana mwenyewe alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato anatolewa. Nakuambia uangalie mwaka mzima: ni Jumapili ngapi ng'ombe alikuwa kisimani kweli, na ni ngapi ulizoea tu kuwa karibu na kisima?

Kwa dada. Nilifanya kosa moja miaka mingi, na nalitaja hapa ili wachungaji vijana walisome. Nilikuwa natayarisha mahubiri nikaita ile ni sala yangu. Kila andiko nililofungua nilikuwa nalitafutia watu, silitafutii moyo wangu. Mke wangu aliniambia siku moja, "Baba Mchungaji, mbona Mungu hakuambii kitu chochote cha nyumbani?" Lilinichukua muda kulikubali neno hilo.

Soma tena Marko 1. Alfajiri Bwana ametoka peke yake kuomba, Simoni na wenzake wanamfuata mbio: watu wote wanakutafuta. Ni kama simu zetu hizi. Na ilikuwa kweli walimtafuta, jioni yake tu wagonjwa wa Kapernaumu walikuwa wamejaa mlangoni. Hakurudi. Akasema twendeni vijiji vya jirani. Kule faraghani alikuwa amepata kujua aende wapi, na pia wapi asiende. Mwinjilisti Luka ana neno zuri kwa jambo hili, anasema alikuwa "akijiepua". Kama unavyoepua chungu motoni kabla hakijaungua.

#10 Mama Vitenge

Baba Mchungaji, shikamoo. Nimelisoma jibu lako dukani, mteja akangoja. Hilo la kuepua nitalibeba.

Mkulima wa Kyela, lile la saa moja moja nimelipeleka kwenye kwaya. Tuko thelathini na wawili. Tumekubaliana Alhamisi mazoezi yafutwe, kila mmoja achukue nusu saa yake ya kuwaombea wengine kwa wiki, popote alipo, na siku hiyo ya Alhamisi watu wakae na watoto wao. Mwalimu wa kwaya alisita. Alisema tutaimba vibaya. Tumempa mwezi mmoja atupime.

#11 Mshona Nguo Moro

Dada Mama Vitenge, samahani, mimi nina swali moja na naomba usinielewe vibaya, nimependa uzi wako.

Umesema unatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu Jumapili na kurudi saa kumi jioni. Una watoto watatu. Nani anabaki nao? Nani anapika? Nani anafua?

Nauliza kwa sababu nilifanya kazi za ndani miaka mitano kabla sijajifunza cherehani. Nyumba ya kwanza walikuwa walokole kweli, nawashukuru kwa mengi. Jumapili ilikuwa siku yangu mbaya kuliko zote. Wanatoka wamependeza, wanarudi na wageni wa kanisani, natakiwa niwe nimepika pilau la watu kumi na tano. Mwaka wa pili nilisahau hata jinsi ibada inavyoenda. Siku moja mgeni, mama mmoja mzee, alikuja jikoni akanikuta naosha masufuria, akauliza, "Na wewe unasali wapi?" Nikakosa jibu.

Amri ya Sabato ipo mara mbili. Kwenye Kutoka 20 sababu ni kwamba Mungu alipumzika baada ya kuumba. Kwenye Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: mtumishi wako wa kiume na wa kike apumzike sawa na wewe, ukumbuke ulikuwa mtumwa Misri. Hapo wametajwa mpaka ng'ombe na punda. Na hata tukiacha Biblia, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Wengi tuliofanya kazi za ndani hatukuwahi kuambiwa.

Nakuuliza kama ndugu.

#12 Wa Mikesha

Swali zito hili.

#13 Zamu ya Usiku

Limenipata na mimi. Ninaye binti nyumbani.

#14 Mama Vitenge

Nimekaa siku tatu bila kujibu. Nisameheni.

Ninaye. Ana miaka ishirini na mmoja, anatoka Singida, amekaa kwangu mwaka mmoja na miezi minne. Sijawahi kumpiga, mshahara wake simcheleweshi, tunakula naye meza moja, na kwa sababu hizo nilijihesabu kuwa mwajiri mwema. Siku ya mapumziko hana. Ibadani amekwenda Krismasi na Pasaka, kwa sababu tulikwenda wote. Nimeandika hapo juu kwa uchungu kwamba naamka saa kumi na nusu usiku. Yeye huamka saa kumi, ili maji ya moto yawe tayari nikiamka mimi.

Nilipolisoma swali lako nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu. Nilisikia anafagia nyuma yangu. Dakika zangu ishirini za kimya, nilizozisifia hapa, alikuwa ananilindia yeye. Watoto wakiamka yeye ndiye anawazuia wasije uani.

Jana usiku nilimwita sebuleni nikamwomba radhi. Akaogopa, alidhani namfukuza. Nikamwambia kuanzia wiki hii Jumapili ni yake, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na Jumatano anamaliza kazi mchana. Nikamuuliza angependa kufanya nini Jumapili. Nilitegemea aseme atalala, au aende Mbagala kwa shangazi yake.

Akasema anataka kuimba. Kwao alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana, tangu akiwa darasa la sita. Na mwaka mmoja na miezi minne amekuwa akinipigia pasi sare yangu ya kwaya kila Jumamosi usiku, na sikuwahi kumuuliza kama anajua kuimba.

#15 Mshona Nguo Moro

Mungu akubariki dada. Sina la kuongeza. Akihitaji kushonewa sare, mimi nitamshonea bure, nitumie vipimo.

#16 Mchungaji Mstaafu

Nimesoma nikiwa na mke wangu. Anakusalimu wewe na huyo binti.

#17 Mkulima Kyela

Mimi nimewaambia vibarua wangu. Jumapili hatupandikizi, labda maji yawe yanaondoka kweli. Wamefurahi kuliko nilivyotegemea. Nami pia.

#18 Mpare wa Mlimani

Dada, Jumapili ilikuwaje? Na chakula?

#19 Mama Vitenge

Jumamosi jioni tulipika maharage mengi na wali, tukafuata ushauri wako, watoto wakapanga viatu mlangoni wenyewe. Jumapili nilikwenda ibada ya kwanza tu, na watoto wote watatu. Baada ya ibada nikawaambia wazee kikao siingii, nikarudi nyumbani saa nne na nusu. Tukapasha maharage. Mchana nililala na mtoto wa mwisho kifuani mpaka kanga ikalowa jasho.

Binti alitoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Amepata kwaya ya vijana huko Mbagala kwa shangazi yake, wamemjaribu sauti, wamemkubali. Mazoezi yao ni Jumatano jioni.

Mama ameruhusiwa kutoka hospitali, yuko nyumbani. Kaka yangu anasema anadai kigoda chake kitolewe nje na hawataki kumwachia kwa sababu ya umande.

#20 Zamu ya Usiku

Mwacheni mama atoke na kigoda chake, mfunikeni tu blanketi. Nauliza dada, na sare yako ya Jumapili hii nani alipiga pasi?

#21 Mama Vitenge

Mimi. Na gauni lake pia.